Zamu

Nimeiandika kwa penseli kwenye fremu ya mlango usio na mlango:
waya na bomba, kisha lipu, kisha kungoja.
Neno la mwisho nimelipigia mstari mara mbili.
Hakuna fundi anayelipwa kwa neno hilo.

Novemba hapa Zarasai. Ziwa limeanza kuota ngozi,
na jua, kibarua mvivu, huripoti saa mbili asubuhi,
saa kumi limeshakusanya vifaa vyake.
Jurga anapiga simu. Mama yake atatoka hospitali kabla ya Krismasi,
kitanda kimenunuliwa, mapazia yameshonwa.
"Sakafu je?"
Sakafu bado inapumua, namwambia.

Jana nilibandika kipande cha nailoni juu ya saruji,
nikakiziba kwa utepe pande zote nne.
Asubuhi hii nimepiga magoti, nimemulika tochi:
chini yake pana jasho,
vitone vidogo kama vya mtu anayeficha homa.
Niliwahi kulaza mbao juu ya homa kama hii.
Machi ilipofika mwaloni uliinuka katikati ya sebule
kama mgongo wa paka,
na mwenye nyumba, kikombe cha chai mkononi,
akauliza ni kosa la nani.
Nilimtaja msambazaji wa saruji.
Lilikuwa langu.

Basi hita inanguruma usiku kucha.
Liudas wa sakafu ameketi ndani ya gari na mbao zake,
hashuki, haondoki.
Vidmantas wa vigae anataka bomba la bafuni lirudi ndani sentimita mbili;
fundi bomba yuko Utena, kwenye ubatizo wa mpwa wake,
na simu yake inaita karibu na kwaya.
Nijolė wa rangi ananiuliza kila siku swali lilelile:
"Nani tena atapita baada yangu?"
Hakuna, nasema.
Hufunga kilemba chake kwa nguvu, hanijibu.
Baada yake huja seremala na nyundo,
huja wa jikoni na kona za makabati,
huja mwenye nyumba na kidole.

Nailoni ya tatu ilitoka kavu.
Liudas alishuka garini bila salamu
na kwa siku nne hatukusikia ila msumeno.

Desemba kumi na mbili: mlango umening'inizwa,
unafunga kwa sauti ya mtu aliyeshiba.
Nilikuwa naandika hesabu ya mwisho
Jurga alipoingia chumba cha chini, akaukazia macho ukuta.
"Na kengele ya mama? Ya kando ya kitanda?"

Tukakunjua ramani. Tukaigeuza, kana kwamba kengele
huchorwa nyuma ya karatasi.

Fundi umeme, wa kwanza kuondoka,
akarudi wa mwisho, patasi mkononi.
Tulifunika mwaloni kwa mablanketi,
tukauchana ukuta mweupe kutoka swichi hadi kitandani,
urefu wa mkono wangu na nusu.
Bronius akaziba, akangoja, akapiga msasa, akangoja.
Nijolė akapaka upya ukuta mzima, si kiraka tu,
na siku mbili hakusema nami.

Elvyra aliletwa tarehe ishirini, theluji begani.
Sikujua kwamba alipiga lipu miaka thelathini
katika kikosi cha ujenzi, huko Visaginas.
Hakutazama dirisha wala ziwa.
Alizima taa ya dari,
akaomba taa ndogo iegemezwe ukutani, mwanga utambae ubavuni,
kisha akapitisha kiganja,
polepole, kama anayemtafuta mtoto usingizini,
akasimama palepale.

"Hapa mlirudi," akasema.

Nikavua kofia. Nilikuwa na maelezo matatu,
yote ya kweli.
Yeye alishaibonyeza kengele,
na jikoni, nyuma ya mlango mpya,
kijiko kikaanguka.